Rafiki Si Familia

Rafiki yangu aliuawa kwa sababu ya kiwanja cha mpira. Najua wapo watakaoniambia nimehukumu mapema, kwamba hakuna mahakama iliyotamka hivyo na upelelezi bado unaendelea. Haya. Upelelezi unaendelea tangu mwaka juzi. Mimi si hakimu. Nimecheza naye kwenye kiwanja hicho tangu tukiwa darasa la tatu, na mtaani kwetu hata mtoto anayetumwa sukari dukani anajua kwa nini alisubiriwa uchochoroni baada ya sala ya isha. Waliomsubiri walikuwa na mapanga. Simu waliiacha mfukoni, pochi waliiacha. Kilichoondoka ni mfuko wa plastiki aliokuwa ameushika, na ndani yake hamkuwa na senti, mlikuwa na makaratasi.

Jina lake sitalitaja, mkewe ameniomba hivyo. Nitamwita Fundi, maana ndivyo nusu ya mtaa ilivyomwita. Alikuwa seremala, karakana yake ya mabati ikiwa upande wa Kisauni, Mombasa. Hodari wa vitanda na makabati, mvivu wa kudai pesa zake, na alikuwa na maradhi mamoja: kuandika barua. Bomba la maji likipasuka, barua. Taa ya barabarani ikizimika, barua. Alichomoa penseli nyuma ya sikio akaandika juu ya kipande chochote cha mbao kilicho karibu, kisha jioni akanakili kwa kalamu, anwani mbili, tarehe, na MINT:, yaani kuhusu jambo gani, kwa herufi kubwa kama tulivyofundishwa shule ya msingi, chini yake mstari alioupiga kwa rula ya chuma ya kazini. Kila barua ilikuwa na nakala, na hakuondoka kwenye dirisha la ofisi mpaka nakala ipigwe muhuri wa kupokelewa. Tulimcheka sana.

Kiwanja chenyewe si kitu cha kusifia. Mchanga, kokoto nyingi upande mmoja, goli moja la boriti za mkoko na jingine la mabomba, mbuzi ndani. Ijumaa jioni ni mechi, Idi ikifika ndipo bembea zinapofungwa, na kukiwa na msiba mkubwa au harusi ndipo maturubai yanapotandwa. Siku moja tukaamka tukakuta vigingi vya saruji. Haukupita muda yakaja mabati, na mlinzi mgeni akawa anawaambia watoto kiwanja kina mwenyewe.

Msomaji asiye wa pwani huenda asielewe kwa nini jambo hilo lilitutia hofu kuliko hasira. Mombasa mtu anaweza kujenga nyumba ya mawe, akazaa, akazeeka na kufia ndani yake, na ardhi iliyo chini ya nyumba ikawa ya mtu mwingine anayemlipa kodi. Nyumba bila ardhi. Waingereza walileta sheria ya hatimiliki mwaka 1908: aliyejua kuwasilisha dai akapata cheti, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya mfalme wao. Uhuru ulipokuja, mfalme aliondoka na makaratasi yakabaki. Tume ya Ndung'u, iliyoundwa 2003 na kutoa ripoti yake 2004, ilikadiria kuwa hati zilizotolewa nchini Kenya kinyume cha sheria zinafika kama 200,000, nyingi zikiwa za ardhi ya umma: misitu, barabara, vyoo vya soko, viwanja vya michezo. Januari 2015 watoto wa shule ya msingi ya Lang'ata Road, Nairobi, walirushiwa vitoa machozi kwa sababu walitaka uwanja wao uliozungushiwa ukuta. Wao kamera zilikuwepo, nchi nzima ikaona, ukuta ukaanguka. Kwetu sisi hakuna kamera iliyokuja kuangalia mabati.

Fundi alikwenda ofisi ya ardhi kufanya upekuzi rasmi wa hati. Ada ya serikali ilikuwa shilingi 500 na risiti unapewa. Risiti alipewa. Faili halikuonekana. Akaambiwa arudi; aliporudi, karani aliyempokea yuko likizo; aliporudi tena, mtandao umelala. Palikuwa na mtu pale koridoni, mmoja wa wale ambao huwezi kujua kama ni wafanyakazi au la lakini funguo wanazo, akamwambia afanye ubinadamu kidogo. Fundi akamuuliza, "Huo ubinadamu una risiti?"

Hadithi hii aliisimulia kwa miezi, kila mara akiongeza chumvi. Lakini barua aliandika kweli, akataja kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinachompa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Karatasi ikatoka mwishowe. Ardhi ya wazi ya mtaa imekodishwa kwa kampuni kwa miaka 99, kampuni ambayo hakuna kati yetu aliyewahi kuisikia, na tarehe ya kukodishwa ilikuwa ya zamani kuliko wino wa sahihi ulivyoonekana. Wakazi wakatafuta wakili wa kujitolea, kesi ikafunguliwa mahakama ya ardhi, na hati ya kiapo iliyoeleza yote hayo ilikuwa ya Fundi, kwa sababu yeye pekee ndiye aliyekuwa na nakala za kila kitu.

Kwanza walimjia kwa wema. Kijana nadhifu alifika karakana kuagiza kabati, akasahau kabati, akazungumzia ploti ndogo iliyopo Mtwapa ambayo Fundi angeipata kwa jina lake, hati mkononi. Alinisimulia akiwa anapiga randa ubao, bila kuinua uso. "Mtu ambaye hana ardhi hata ya kaburi wanampa ploti. Unadhani wananipenda?" Baada ya hapo zikaja simu za usiku, za kukata bila kusema. Alizoea, au alijifanya amezoea. Alipouawa alikuwa anatoka kwa wakili. Ule mfuko wa plastiki ulikuwa na nakala zake mwenyewe.

Sasa niseme kilichonifanya niandike, maana mauaji peke yake nisingeweza kuyaandika.

Asubuhi yake tulikuwa mochari, mimi, ami yake, na shemeji zake wawili. Kwetu maiti haicheleweshwi. Ami alitaka kufikia adhuhuri tuwe tumeshatoka mavani. Askari aliyekuja kushughulikia alikuwa mpole ajabu. Alitupa pole, akatutafutia hata mahali pa kukaa, kisha akasema, "Nyinyi Waislamu najua hamtaki mtu wenu akatwekatwe. Andikeni barua hapa kwamba familia haitaki upasuaji, mimi nitapeleka, mchukue maiti mkazike." Kalamu alikuwa nayo tayari. Karatasi alikuwa nayo. Nilikuwa nimewahi kuripoti wizi wa pikipiki katika kituo hichohicho nikazungushwa mpaka nikachoka, na sasa huduma inanifuata mochari na kalamu yake.

Ami alikuwa ameshainama kuandika. Shemeji mdogo, ambaye hufanya kazi na vijana wa haki za binadamu, akamshika mkono. Zikazuka kelele pale nje ya mochari ambazo sitazisahau: mzee wa miaka sabini akilia kwamba mtoto wa nduguye atapasuliwa kama kuku, na kijana akimwambia kwa adabu, ami, akizikwa hivi hivi hakuna aliyemuua. Bila ripoti ya daktari, wakili yeyote atasimama aseme marehemu alianguka. Na hilo halikuwa la kubuni. Agosti 2014, Kinango, kaunti jirani ya Kwale, polisi walimpiga risasi msichana wa miaka 14, Kwekwe Mwandaza, ndani ya nyumba yao. Alizikwa haraka, na ilibidi kaburi lifukuliwe ili mwili ufanyiwe uchunguzi upya. Mwaka 2016 polisi wawili walipatikana na hatia ya kuua bila kukusudia, wakafungwa miaka saba. Kijana aliuliza, "Mnataka tuje kumfukua?"

Imamu wetu ndiye aliyeamua. Alikuja kwa tuktuk, akasikiliza pande zote mbili amesimama, akasema damu ya mtu aliyedhulumiwa ni amana mikononi mwa walio hai, na kuchelewa kwa saa chache kwa ajili ya haki si kuchelewa. Ami akanyamaza. Yule askari mpole alitia karatasi yake mfukoni, na upole wake ukaishia hapo. Ghafla hakuna gari la kumleta mpelelezi ambaye lazima awepo daktari akifanya kazi. Gari lipo lakini halina mafuta.

Wakenya wenzangu wanaujua wimbo huu. Ng'ombe wako ameibwa, tia mafuta. Binti yako amepotea, tia mafuta. Rafiki yako amelala kwenye friji, tia mafuta. Nilitakiwa nitume shilingi 2,000 kwa simu, na jina lililotokea kwenye ujumbe halikuwa la askari wala la kituo cha petroli, lilikuwa la mwanamke. Nilituma. Nasema wazi kwamba nilituma, na ningetuma tena. Nimesoma watu wakiandika kwamba rushwa itaisha siku tutakapokataa kutoa, na wengi wao hawajawahi kusimama nje ya mochari saa nne ya asubuhi, jua linapanda na daktari ana maiti wengine kwenye foleni. Fundi angekataa. Fundi ndiye aliyekuwa ndani.

Walipomaliza walimrudisha kwa familia, akaoshwa. Sikupaswa kuwemo, lakini ami aliniita nimwage maji. Majeraha waoshaji walikuwa wameyafunga vizuri, wala sina haja ya kuyaeleza. Ninachokikumbuka ni kucha zake. Chini ya kucha kulikuwa na vanishi ya kahawia iliyogandamana kwa miaka, na mzee aliyekuwa akimwosha aliisugua kwa ncha ya kijiti, taratibu, kidole kimoja baada ya kingine, mpaka akakata tamaa. Maji ya mkunazi hayakuitoa, kafuri haikuitoa. Akazikwa nayo. Tulimtia mwanandani baada ya alasiri.

Kuandikisha taarifa ndiko nilikojua nafasi yangu. "Wewe ni nani wake?" mpelelezi aliniuliza. Rafiki yake. "Rafiki wa nini?" Wa tangu utotoni, Afande. Akainua macho kutoka kwenye simu. "Rafiki si familia. Waambie familia waje." Nikamweleza kwamba mimi ndiye niliyejua habari za simu za usiku, na kijana wa kabati, na ploti ya Mtwapa, kwa kuwa Fundi alimficha mkewe asimtie hofu. Akaandika mistari minne. Nikamwomba nisome kabla ya kutia sahihi; ploti haikuwemo. Nikamwomba aiongeze. Akasema hayo ni mambo ya ardhi, yana ofisi yake.

Kilio cha rafiki hakina cheo. Mjane ana eda yake, miezi minne na siku kumi, na watu wanajua wamletee nini na waseme nini. Mama ana kilio chake, watoto wana unyatima wao. Rafiki hupewa mkono wa pole mlangoni, kisha anaulizwa kama viti vimefika. Siku zile za msiba nilikuwa mtu wa viti, mtu wa kahawa, mtu wa kumpeleka ami kuchukua kibali cha kuzika. Nilifurahi kuwa na kazi. Kazi ilipoisha nikagundua kwamba mtu pekee ambaye ningemweleza jinsi ninavyojisikia ni yeye.

Siku ya hitma ilifika pikapu. Magunia ya mchele, mafuta, na mbuzi, kutoka kwa mheshimiwa ambaye kwa muda wote wa kesi ya kiwanja alikuwa kipofu na kiziwi. Simsingizii mauaji, sina ushahidi. Lakini kijana wake alikuwa na kamera, na magunia yalipigwa picha nyingi kuliko mjane. Shemeji mdogo alitaka virudishwe. Ami alisema sadaka hairudishwi. Ikapikwa pilau, watu wakala. Mimi pia nilikula, nilikuwa na njaa.

Kisha wakamtaka mjane kituoni. Ami aligoma: mwanamke yuko edani, wao ndio waje. Wangekuja, wakasema, lakini gari. Tukaanza tena kuhesabu mafuta, na yeye mwenyewe akasikia kutoka chumbani. Akatoka na buibui lake. "Nitakwenda. Eda ni ya Mungu, na Mungu anajua ninakokwenda." Tulimpeleka. Alikaa kwenye benchi tangu asubuhi hadi adhuhuri ndipo mpelelezi akarudi kutoka alikokuwa ametoka, na swali lake la kwanza lilikuwa kama marehemu alikuwa na msimamo mkali.

Swali hilo lina historia pwani. Mhubiri Aboud Rogo, aliyeshutumiwa kwa msimamo mkali, alipigwa risasi barabarani Agosti 2012. Mhubiri mwenzake Abubaker Shariff, aliyejulikana kama Makaburi, alipigwa risasi Aprili 2014 akitoka mahakama ya Shanzu. Mwaka 2016 shirika la Haki Africa lilitoa orodha ya kesi 81 za watu waliouawa au kupotezwa pwani katika miaka minne. Chochote utakachofikiria juu ya mahubiri ya watu wale, matokeo yake kwetu yalikuwa haya: mwanamume Mwislamu wa Mombasa akikutwa amekufa, linaulizwa swali moja, na likishaulizwa majirani hurudi nyuma hatua mbili. Halihitaji jibu. Mjane alijibu hata hivyo. "Alikuwa na msimamo wa kiwanja," alisema. Mpelelezi hakuandika.

Muuza kahawa aliyewaona watatu wakikimbia kuelekea barabara kuu alikuwa amesema angeshuhudia. Alibadilika polepole. Kwanza akawa ameona wawili, halafu vivuli, halafu akawa alikuwa ameinama anachochea makaa. Simlaumu. Kenya ina sheria ya kulinda mashahidi ya 2006, na shirika la kazi hiyo, ila uende ukamweleze habari hiyo mtu anayeuza kahawa kwa kikombe, pahali palepale kila usiku, mgongo wake ukiwa uchochoroni. Na yeye anakumbuka, kama tunavyokumbuka sote, kisa cha Willie Kimani. Wakili huyo alikuwa akimtetea Josephat Mwenda, mwendesha bodaboda aliyepigwa risasi na polisi mwaka 2015 akathubutu kulalamika. Tarehe 23 Juni 2016 walitoka mahakama ya Mavoko, wakatekwa, wakafungiwa ndani ya kontena kwenye kambi ya polisi. Kimani alifanikiwa kurusha nje karatasi ya chooni aliyoiandika ombi la kumpigia simu mkewe. Miili ilitolewa mtoni Ol Donyo Sabuk.

Watu husema "kesi ya Willie Kimani", na ni haki, lakini miili ilikuwa mitatu. Wa tatu alikuwa Joseph Muiruri, dereva wa teksi. Hakuwa na kesi, hakumlalamikia mtu. Aliwapeleka wateja mahakamani. Nimemfikiria Muiruri kuliko nilivyotarajia, kwa sababu siku nyingi mimi ndiye niliyembeba Fundi kwa pikipiki kumpeleka kwa wakili, na usiku ule nilikuwa na homa.

Kesi yao angalau ilifika mwisho. Hukumu ilitoka Julai 2022 na adhabu Februari 2023: ofisa Fredrick Leliman kunyongwa, wenzake wawili miaka 30 na 24, na mpasha habari wao miaka 20. Miaka sita na ushee, wakiwa na shirika la kimataifa nyuma yao, mawakili wa nchi nzima wakiandamana na dunia ikitazama. Fundi alikuwa na barua zake. Chris Msando, meneja wa teknolojia wa tume ya uchaguzi, alikutwa ameuawa siku chache kabla ya uchaguzi wa Agosti 2017, na hakuna aliyehukumiwa. Dk. Robert Ouko alikuwa waziri wa mambo ya nje alipouawa Februari 1990. Waziri! Tume zikaundwa, wapelelezi wakaletwa kutoka Uingereza, watoto waliozaliwa mwaka ule sasa wana watoto wao.

Ndiyo maana husikia uchungu wa ziada ninapoambiwa nisubiri utaratibu. Ule utaratibu ndio uliopoteza faili la kiwanja likaonekana baada ya barua. Huohuo ulikuja mochari na kalamu. Wanaotenganisha rushwa na damu, kwamba hii ni pesa tu na ile ni uhalifu, hawajafuatilia karatasi moja tangu dirishani hadi kaburini. Hati isingetoka kwa hila, kusingekuwa na kitu cha kulindwa kwa panga. Na panga lisingekuwa na imani hivyo kama halikujua kwamba kituoni gari halina mafuta.

Na kuna lingine, dogo, ambalo linaniudhi kila siku. Nimekuwa mtu wa kushukuru. Mpelelezi akipokea simu, nashukuru. Karani akinionyesha kwamba faili lipo, lile pale, bado lipo juu ya kabati, nashukuru kwa mikono miwili. Mpelelezi wa kwanza alihamishwa kwenda kaskazini, wa pili akaanza kusoma faili upya, na nikajikuta namchangamkia, namuulizia watoto, namchekea mizaha isiyochekesha, ili asimsahau mtu wangu. Hasira ninayo, lakini haiwezi kutoka, kwa kuwa wa kuwakasirikia ndio haohao ninaowahitaji. Usiku narudi nyumbani taya zinaniuma kwa kutabasamu.

Juni 2025, mwalimu Albert Ojwang alipokufa akiwa mikononi mwa polisi Nairobi, taarifa ya kwanza ilisema alijigonga kichwa ukutani mwenyewe. Daktari akafungua mwili akakuta shingo iliyobanwa na majeraha ambayo mtu hawezi kujitia. Ami alikuwa kwetu habari ikisomwa. Hakusema kitu kwa muda, kisha akaniambia nimpigie shemeji mdogo, na akaongea naye kwa simu uani, mbali nasi. Ripoti ya Fundi tunayo. Ina kurasa chache na muhuri, na inasema alivyokufa bila shaka yoyote. Kenya ilipitisha mwaka 2017 sheria ya kuunda huduma ya makoroni, watu huru wa kuchunguza vifo kama hivi badala ya polisi wenyewe, na miaka ikapita sheria ikiwa kitabuni. Basi ripoti yetu imo ndani ya faili, na faili limo mikononi mwa walewale.

Kesi ya kiwanja ndiyo inayotembea. Wakili wa kampuni amewasilisha ombi kwamba hati ya kiapo ya Fundi iondolewe, kwa hoja kwamba aliyeapa hawezi kuja kuhojiwa. Nilipoisikia hoja hiyo mahakamani nilidhani nimesikia vibaya. Alisimama mtu aliyevaa suti akasema, kwa Kiingereza kizuri na bila aibu, kwamba upande wake utadhulumiwa kwa kunyimwa nafasi ya kumuuliza marehemu maswali. Wakili wetu alijibu kwa kifungu cha 33 cha Sheria ya Ushahidi, ambacho huruhusu kauli za mtu aliyekufa kupokewa katika hali fulani. Uamuzi utasomwa baada ya likizo ya mahakama. Wakati huohuo ametushauri tusingoje: iandikwe hati mpya, iapwe na watu wengi, kila mmoja na nambari yake ya kitambulisho.

Tulikutana karakana, ambayo sasa anaiendesha mwanafunzi wake. Mjane, aliyekwisha kutoka edani, alitia sahihi wa kwanza. Shemeji mdogo, kocha wa watoto, mimi. Bibi mmoja muuza viazi karai aliuliza kama dole gumba linakubalika, akaambiwa linakubalika, akalitia wino kabla hajamalizia kusikia. Ami alitia sahihi akanuna. Wengine waliangalia saa. Muuza kahawa alikuwa amesimama mlangoni, nusu ndani nusu nje, na karatasi ilipomfikia aliisukuma kwa mwenzake.

"Mimi sitii," alisema. "Nina watoto. Lakini siku ya kesi nitakuja nikae mbele, wanione."

Kocha akamwambia kukaa si ushahidi.

"Najua si ushahidi," alisema. "Mniambie ni saa ngapi."

Tukamwambia saa tatu.